Kutaja na Kujua

Katika maneno yote ya sayansi yaliyoingia vinywani mwa watu wetu, hapana litajwalo sana katika bonde la Ruvu kuliko neno malaria. Mtoto hulisikia kabla hajaanza shule, kwa kuwa mama yake hulisema zahanatini. Hulisema mkulima wa mpunga wa Mlandizi, na mwenye duka wa Kibaha, na mzee wa Maneromango kule Kisarawe ambaye pengine hana neno jingine hata moja alilolipata kutoka vitabu vya waganga wa kizungu. Lakini mwalimu akimwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu maana ya neno hilo, si maana ya ugonjwa bali ya neno lenyewe, aghalabu hujibiwa kwa kimya, au huambiwa kwamba ni neno la Kiingereza. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Waingereza ndio waliotuletea, lakini si wao waliolizaa. Nao kwanza walilikopa, kama sisi tulivyolikopa kwao.

Nimelichagua neno hili kwa sababu ndani yake mna swali ambalo kila mwenye kazi ya kufundisha hana budi kulikabili. Je, mtu aliyejua jina la kitu, amekijua kitu chenyewe? Na jina likiwa limebeba kosa, je, yule alitumiaye anasema uongo? Mimi ni mtumishi wa serikali na mtunga mashairi, na kazi zote mbili ni kazi za majina: mtumishi huyaandika katika majalada, mshairi huyatafuta usiku. Huenda swali hili likaonekana kuwa la watu wenye nafasi, wasio na shamba la kupalilia. Nitajaribu kuonyesha kwamba kandokando ya mto Ruvu limekuwa swali la uhai wa watoto.

Kwanza na tulifungue neno. Asili yake ni Kiitalia, nalo limeungwa kwa maneno mawili: mala, yaani mbaya, na aria, yaani hewa. Malaria basi ni hewa mbaya, wala halina zaidi ya hayo. Kwa karne nyingi Waitalia walikuwa wameona kwamba watu wakaao karibu na vinamasi, hasa vile vilivyokuwa kusini ya mji wa Roma, hushikwa na homa kila yafikapo majira ya joto. Na kwamba watu wakaao juu ya vilima husalimika. Waliponusa harufu ya maji yaliyolala na majani yaliyooza, walikata shauri kuwa ugonjwa umo katika hewa ile, nao huingia mwilini kwa pumzi. Mwaka 1740 Mwingereza mmoja, Horace Walpole, akiwa Italia, aliandika katika barua habari za kitu hicho kinachoua watu wakati wa joto, akakitaja kwa jina lake la Kiitalia. Ndivyo neno lilivyoanza safari yake katika Kiingereza.

Hata hivyo Waingereza hawakuwa bila neno. Walikuwa wakiiita homa ya namna hiyo ague, neno litokalo katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na asili yake ni ukali tu: homa kali. Wafaransa nao huuita ugonjwa huu paludisme, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Tazama, msomaji, jinsi majina haya matatu yanavyotofautiana. La kwanza lasema jinsi mgonjwa anavyojisikia. La pili lasema mahali ugonjwa unakopatikana. La tatu, lile la Waitalia, lilithubutu zaidi ya wenzake: lilitaja sababu. Na katika hayo matatu, lililotaja sababu ndilo lililokosea, na ndilo lililoenea duniani kote.

Kosa lenyewe lilifichuliwa hatua kwa hatua. Mwezi Novemba 1880, mjini Constantine katika nchi ya Algeria, mganga wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini, akaona ndani yake viumbe vidogo vyenye uhai. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad katika Bara Hindi, Ronald Ross aliona dalili za viumbe hao ndani ya tumbo la mbu aliyekuwa amenyonya damu ya mgonjwa aitwaye Husein Khan. Mwaka uliofuata Mwitalia Giovanni Battista Grassi na wenzake walithibitisha kwamba mbu aletaye malaria ya binadamu ni yule wa jamii ya Anopheles. Ross alipewa nishani ya Nobel mwaka 1902, naye Laveran mwaka 1907. Hewa ikaachiwa huru na mashtaka yote. Lakini jina halikubadilika. Hata leo, mtaalamu aliyehitimu akiandika neno malaria katika cheti cha mgonjwa, ameandika kwa Kiitalia cha kale kwamba mtu huyu amevuta hewa mbaya.

Je, mtaalamu huyo ni mwongo? Hasha. Uongo ni kusema usiloliamini ili mwenzako aliamini. Mtaalamu haamini habari ya hewa, wala hataki mtu yeyote aiamini. Kwake neno limekuwa kama jina la mtu. Bwana Mvua si lazima awe amezaliwa siku ya mvua. Tunamwita hivyo ili tumjue kati ya wenzake. Kilichobadilika si neno, bali elimu iliyo chini ya neno.

Wala tusiwacheke Waitalia wa zamani. Walikuwa wameona sawasawa karibu mambo yote: kinamasi, majira, bonde na kilima. Walikosea hatua moja tu ya mwisho, pale walipotoka katika walichokiona wakaingia katika walichokidhani, kisha wakakiandika walichokidhani kana kwamba wamekiona. Hata hivyo, dhana yao iliwahimiza kukausha vinamasi, na kinamasi kikikauka mbu hukosa mahali pa kuzalia. Ilitokea hivyo kwamba watu walitenda jambo jema kwa sababu isiyo sahihi. Lakini ambaye kinga yake ilikuwa kufunga dirisha asiivute hewa ya usiku, aliponea kwa bahati, kwa kuwa dirisha lilimzuia mbu ambaye hakumfikiria. Na yule aliyelala nje juu ya kilima chenye hewa safi, karibu na birika la maji, hakujua kwa nini alishikwa na homa.

Sasa na turudi kwetu. Mwaka huo wa 1897, na mwaka uliofuata, Mjerumani Robert Koch, mwanasayansi aliyekuwa amegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, alikuwapo katika nchi yetu iliyokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, akichunguza magonjwa ya watu na wanyama. Katika taarifa zake aliandika jambo ambalo lafaa kufundishwa katika kila darasa la Tanzania. Alieleza kwamba watu wakaao juu katika milima ya Usambara, kusiko na homa hiyo, huipata wanaposhuka mabondeni. Nao huuita ugonjwa huo mbu, kwa kuwa, walivyosema, kule bondeni kuna wadudu waitwao mbu, na hao ndio wanaowauma na kuwapa homa.

Hapo tulikuwa na watu wa milimani, wasio na hadubini wala maktaba, ambao jina lao la ugonjwa lilikuwa kweli, wakati jina lililoandikwa katika vitabu vya vyuo vikuu vya Ulaya lilikuwa kosa. Nao walilipata jina hilo kwa njia ile ile waliyoipitia Waitalia: kutazama bonde na kilima, kumtazama mtu aliyeshuka akarudi mgonjwa. Tofauti ni kwamba wao walikitaja kitu walichokiona kikimgusa mtu mwilini.

Lakini nisingependa msomaji aondoke hapa na majivuno peke yake. Jina mbu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa kweli isiyokamilika. Halikusema ni mbu yupi kati ya aina nyingi za mbu, wala ni nini hasa anachokibeba, wala kwa nini mtu mmoja huumwa na mbu mia akabaki mzima na mwingine akaugua. Wala Waafrika si peke yao waliopata kuikaribia kweli kisha ikaishia njiani. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita Mrumi aitwaye Varro aliwaonya wakulima wasijenge karibu na vinamasi, kwa sababu huko huzaliwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waingiao mwilini na kuleta magonjwa. Alidhani wanaingia kwa mdomo na pua. Hapakutokea wa kulishika neno lake na kulipima, likabaki kitabuni muda wote huo. Kweli isiyoulizwa zaidi hudumaa, ikawa msemo wa wazee tu. Wahenga wetu walinena, kuuliza si ujinga. Nasi twaweza kuongeza kwamba ujinga huanzia pale mtu anapodhani jina limekwisha kumjibu.

Na jina laweza kudhaniwa jibu hata pale ambapo gharama yake ni maisha. Hapo ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Watu wa Pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Kisarawe na kuvuka, wana neno degedege. Ni ile hali ya mtoto mwenye homa kushtuka, kukakamaa viungo, kutetemeka, macho yakageuka na fahamu zikapotea. Wengi huliunganisha neno hili na dege, yaani ndege mkubwa. Na katika imani za zamani ilisemekana kwamba liko pepo lijalo kwa umbo la ndege wa usiku, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hushikwa. Kwa hiyo jina hili nalo, kama lile la Waitalia, lilithubutu kutaja sababu. Mtoto anatapatapa kama ndege, basi kilichomshika ni ndege.

Watafiti waliozungumza na akina mama wa wilaya ya Bagamoyo katika miaka ya 1990, na wengine waliofanya kazi kama hiyo wilayani Kibaha baadaye, walikuta jambo la kusikitisha sana. Akina mama hao hawakuwa wajinga wa malaria. Waliijua, waliijua dawa yake, waliujua na uovu wa mbu. Lakini wengi wao waliihesabu degedege kuwa ugonjwa mwingine kabisa, usiohusiana na malaria. Homa ilipelekwa zahanati. Degedege ilipelekwa kwa mganga wa jadi, ili mtoto afukizwe na kuogeshwa dawa za miti kwanza. Tena palikuwapo hofu kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Na kwa kuwa waliopelekwa hospitali walikuwa wamechelewa, baadhi yao walikufa kweli baada ya sindano, na hofu ikapata ushahidi wake.

Tufikiri jambo hili kwa utulivu. Degedege ya mtoto mdogo katika mabonde yetu mara nyingi ni malaria ileile, iliyozidi hadi ikaufikia ubongo, au ni ukali wa homa yenyewe; na pengine ni ugonjwa wa uti wa mgongo, ambao nao hauna subira. Malaria kali huweza kumwua mtoto katika muda wa siku moja au mbili. Kwa hiyo saa zile alizokuwa akifukizwa zilikuwa ndizo saa za kumwokoa. Ugonjwa mmoja ulikuwa umepewa majina mawili, na majina mawili yakafanya njia mbili, na njia moja kati ya hizo ilikwenda makaburini. Usilolijua, walisema wahenga, ni usiku wa giza. Lakini giza la kutojua lina nafuu, kwa kuwa mtu hupapasa. Mtu aliyepewa jina huacha kupapasa.

Nani basi wa kulaumiwa? Wako wanaomlaumu mama, wakisema ameshika ushirikina. Mimi siwezi kuungana nao. Mama yule amefikiri kwa njia ileile waliyofikiri wenye elimu wa Roma: ameona jambo la kweli, akarithi dhana juu ya sababu yake, akatenda kwa kuifuata dhana hiyo kwa upendo wote alio nao. Kumcheka yeye huku tukiandika kwa heshima neno lenye maana ya hewa mbaya katika vyeti vyetu ni kukosa haki.

Wako wengine walaumuo neno, wakitaka degedege lifutwe katika lugha kama masalio ya ujinga. Nao wako walio upande wa pili kabisa, wasemao kwamba neno la wazee ni utamaduni, na utamaduni usiguswe na mkono wa mtu. Makundi haya mawili yanagombana, lakini yamekosea kosa moja: yote yanadhani kwamba neno na imani yake ni kitu kimoja kisichotengana. Historia ya neno malaria yatufundisha kwamba vyaweza kutengana. Wazungu hawakulitupa neno lao lililokosea. Walilibakiza, wakaitoa hewa ndani yake, wakawatia humo mbu na vimelea. Nasi twaweza kulibakiza neno degedege, wala si jambo la kuwazia tu, kwa maana limekwisha kuanza kutendeka. Leo hii wauguzi wetu hulitumia neno hilohilo wanapowaeleza akina mama dalili za hatari: mtoto akipata degedege, usingoje, mkimbize kituo cha afya. Dege limetolewa katika neno, na sauti ya neno imebaki. Na kwa kuwa ni sauti ambayo kila mama wa Pwani huishtukia, imekuwa kama mbiu ya mgambo iitayo watu upande ulio salama.

Lawama, kama hapana budi iwepo, naiweka mahali pengine. Iko juu ya kila mwenye elimu aliyemkabidhi mwenzake neno bila kulifungua. Mhudumu amwambiaye mama, "Ni malaria," akampa vidonge akamwita anayefuata, amempa jina, hakumpa maarifa. Mama atakwenda nyumbani na neno la kigeni lisilomweleza lolote, na mtoto akianza kukakamaa usiku, neno la kigeni litanyamaza na neno la bibi yake litasema. Litasema kwa sababu angalau lina habari ndani yake, ijapokuwa habari hiyo si kweli. Jina tupu haliwezi kulishinda jina lililojaa.

Hali hii twaiona hata darasani. Mwanafunzi aliyekariri kwamba malaria huenezwa na mbu wa Anopheles, akapata alama zote, kisha akapita kila siku karibu na dimbwi lililojaa viluwiluwi asilitazame, yuko mbali gani na yule aliyekariri habari za hewa mbaya? Jina Anopheles lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni asiye na faida. Elimu ya mwanafunzi huyo nayo ni anopheles.

Ndiyo maana nasema kwamba kazi ya kutafuta istilahi za Kiswahili, inayofanywa na vyombo vyetu vya lugha, si kazi ya fahari tu. Ni kazi ya uaminifu. Lichukueni neno kimelea. Mtoto yeyote ajuaye kwamba mbegu humea shambani, akiambiwa kwamba ndani ya damu mna vimelea, amekwisha kuona nusu ya jambo: kuna kitu kinachomea juu ya kingine na kukila. Lichukueni neno kiluwiluwi, lililotoka madimbwini kabla halijaingia vitabuni. Na huko Kibaha, ambako kiwanda kilizinduliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano na Cuba ili kutengeneza dawa ya kuwaua viluwiluwi wa mbu kwa kutumia bakteria, kazi yake ilielezwa kwa neno viuadudu. Nalo halihitaji mkalimani. Maneno kama haya hayajidai kujua kuliko yanavyojua. Yanaeleza yanachokiona, yakaacha mlango wazi kwa atakayeona zaidi.

Sisemi kwamba tuyakimbie maneno ya kigeni. Malaria limekwisha kuwa letu, na hapana haja ya kulifukuza. Ninachosema ni kwamba kila neno, liwe la Roma, la Usambara au la Ruvu, ni amana. Alipokeaye ana haki ya kuuliza: neno hili lasema nini? Nani aliona alichokisema, na nani alidhani tu? Tangu liliposemwa, tumejua nini zaidi? Na alitoaye ana wajibu wa kujibu, au kusema kwa unyofu kwamba hajui, ili watafute pamoja.

Mto Ruvu utaendelea kushuka kutoka Uluguru, na kila masika utatapakaa mashambani na kuacha madimbwi. Mpunga utamea, na mbu watazaliwa. Kati ya dimbwi na mtoto alalaye nyumbani kuna chandarua, kuna zahanati, na kuna neno ambalo mama yake atalisema usiku homa itakapopanda. Chandarua na zahanati ni kazi ya wengine. Neno lile ni kazi ya mwalimu, na huanza siku atakapoandika ubaoni jina la ugonjwa, kisha, badala ya kuwaambia wanafunzi walinakili, awaulize lina maana gani.